Neno Lililomfanya Mwanatabu Ainame Ziwani

Kisu cha Mwanatabu Nassor kinapanda ubavu wa pono kutoka mkiani kwenda kichwani, na magamba yanaruka hadi kwenye mabuibui ya wateja. Hakuna anayelalamika. Likoni asubuhi haina nafasi ya kulalamika: tuktuk zinapigiana honi, feri inaguruma kule chini, makanga wanaita abiria wa Ukunda kana kwamba Ukunda itafungwa adhuhuri.

Bi Fatma, ajuza wa mtaa huu, anasukuma mfuko wake mbele.

"Mwanangu, na huyu nipaie vyema. Mamba zake zitoe zote. Babu yenu mato hayaoni siku hizi, zitamkwama."

Kisu kinasimama.

Mwanatabu anakilaza juu ya ubao, anajifuta mikono kwenye leso na kushusha pumzi. Kafedha, mwenzake anayekaanga samaki kwenye karai la pembeni, anainamisha uso na kujifanya anachochea moto. Kisha Mwanatabu anasema, kwa adabu zote za mtoto wa Likoni:

"Magamba, bibi. Sema magamba."

"Magamba? Tangu lini? Wewe si mtoto wa papa hapa? Nyanyako alikuwa akisema magamba?"

"La, bibi. Alikuwa akisema kama wewe. Lakini mimi siwezi tena. Nakuomba."

Bi Fatma anamtazama, anautazama mguu wake wa kushoto, kisha anakumbuka. Mtaa mzima unaijua habari hiyo. "Astaghfirullah," anasema polepole. "Haya, mwanangu. Magamba."

Kisu kinaanza tena.

Msomaji wa bara huenda anajiuliza kuna nini hapa. Basi na ajue kwamba kwa familia za kale za Mombasa, yale magamba ya samaki huitwa mamba. Ndiyo, neno lile lile la yule mnyama wa mtoni mwenye meno. Katika kuzungumza halimkoseshi mtu. Anayesema "mamba hizi" anazungumzia jikoni, na anayesema "mamba huyu" anazungumzia mtoni, na tangu wazee wa wazee hakuna mke wa Mombasa aliyekimbia jiko lake kwa kuchanganya mawili hayo.

Lakini mtu anayepiga ukelele hana muda wa kumalizia na "hizi" wala "huyu". Analitoa neno tupu. Na neno hilo tupu ndilo lililomla Mwanatabu mguu.

Mwanatabu ana miaka arobaini na minne. Amezaliwa Likoni, amesoma chuo cha Kurani na shule Likoni, na kazi ya kupaa samaki ameirithi kwa mama yake pamoja na ubao anaoutumia. Malipo yake ni shilingi ishirini kwa samaki mdogo, hamsini kwa mkubwa. Kwa pesa hizo mtu hula, lakini kodi ya nyumba hailipiki.

Kodi hulipwa na ziwa.

Marehemu mumewe, aliyekuwa kibarua bandarini na ambaye zamani walipanga pamoja Changamwe, alikuwa mtu wa Tana. Kwao ni Kidumbi, nyuma ya Garsen, kwenye nyanda ambako mto hutawanyika ukaacha maziwa madogo madogo. Ziwa la Kidumbi si ziwa la kutiwa kwenye kalenda. Ukilitazama wakati wa kiangazi utasema ni shamba lililofurika: maji ya rangi ya chai, yamejaa mayungiyungi, na mtu mzima anaweza kulivuka kwa miguu toka ukingo hadi ukingo bila kulowa kifua.

Ufupi huo wa maji ndio neema yake na ndio balaa yake. Maji yakishuka, samaki hujazana mahali pamoja, na wanawake huingia kuwavua. Na kila kiumbe kingine kinachokula samaki huyakimbilia maji hayo hayo.

Mama mkwe wa Mwanatabu hakuzaa binti. Na kwa kuwa asiye na binti huruhusiwa kumrithisha mke wa mwanawe, alipokaribia kufa alimpa Mwanatabu nafasi yake ziwani. Nafasi ni jambo kubwa Kidumbi. Wanawake huvua kwa mstari, kila mmoja na kigingi chake, mkononi ana kikapu kirefu kisicho na kitako. Hutembea pamoja wakikikandamiza kikapu kwenye matope, kisha mvuvi hupitisha mkono kwa juu na kupapasa ndani kuona amemfunika nani.

"Huoni kitu," anasema Mwanatabu. "Maji ni matope. Mkono ndiyo mato yako. Perege utamjua kwa mapezi, anachoma. Kambare utamjua kwa utelezi. Ukishika kitu usichokijua, unatoa mkono, unamwita Mola wako."

Kwa miaka kadhaa alikuwa akienda kila kiangazi, wiki tano au sita, na kurudi Likoni na samaki wa kukausha na fedha ya kodi ya mwaka. Aliliogopa ziwa kidogo, anasema, kama mtu anavyoliogopa jiko la gesi. Hofu ya kawaida, ya kumfanya mtu awe mwangalifu.

Kisha kikaja kiangazi cha mwaka jana.

Siku hiyo Mwanatabu alikuwa ametoka majini kuwapaa samaki wa asubuhi, maana kazi hiyo hakuna aliyemshinda pale ziwani, na wenzake walimwachia kwa furaha. Akarudi majini magamba yakiwa yamemganda miguuni hadi magotini. Nafasi ya jirani yake mstarini ni ya Philister, mwanamke wa Kidumbi, wa umri wa kumpita kidogo. Philister aliona kitu kikija nyuma ya Mwanatabu chini ya mayungiyungi.

Akapiga ukelele: "Mwanatabu! Mamba! Mguuni!"

Mwanatabu akainama ajipanguse mguu.

Anaposimulia sehemu hii huwa anashika ukingo wa ubao wake. Sauti haipandi.

"N'liinama. Moyoni nikisema, huyu naye, mamba za samaki zamkera nini na maji haya haya yatazitoa? Nikapeleka mkono. Na mkono ukagusa. Mkono wangu ulimgusa kabla hajaniuma, wallahi. Kitu kigumu, kina mikwaruzo. N'limpangusa mamba nikidhani ni mamba."

Waliomwokoa ni wanawake wenzake, kwa vikapu na vigingi na makelele. Hakuwa mamba mkubwa, wanasema, lakini mamba mdogo naye ana meno. Nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto ilibaki ziwani. Mwanatabu alilazwa hospitali wiki nyingi, na leo anatembea akiuburuta mguu huo kidogo, kama aliyevaa kiatu kisicho chake.

Philister alimtembelea wodini akiwa na hasira ya mtu aliyeogopa sana. "Nimekuita mpaka koo likapasuka!" alimwambia. "Mtu anaambiwa mamba, anajifuta mguu! Ulikuwa na nini siku ile?" Mwanatabu akamweleza. Philister akakaa kwenye kitanda cha jirani, akaanza kulia.

Tangu aliporudi Likoni, neno hilo limepigwa marufuku kwa maana ya magamba, kazini na nyumbani. Kafedha, ambaye ni Mgiriama na kwao hawana mkanganyiko huo, mwanzoni alilichukulia kama mzaha. Zamani walikuwa wakitaniana sana juu ya Kiswahili. Mwanatabu alikuwa akiwacheka wa bara na "magamba" yao, akisema wanazungumza kama vitabu.

"Sasa yeye ndiye kitabu," anasema Kafedha. "Lakini simcheki. Usiku ule aliporudi kutoka hospitali nilimuona anavyotetemeka."

Watu wengi hapa sokoni hudhani Mwanatabu analikataa neno kwa sababu linamkumbusha maumivu. Hata mwandishi wa simulizi hii alidhani hivyo, akawa ameshaandika nusu ya makala kichwani. Kumbe sivyo. Sababu yenyewe ina miaka ishirini, ina mikono myepesi, na inaitwa Mishi.

Mishi ni bintiye wa pekee. Amemaliza shule, na tangu utotoni yuko kwenye ubao wa mama yake, akipaa samaki baada ya masomo. Amekua akiambiwa, mara elfu kwa siku, "Mishi, mamba mkononi, jipanguse," "Mishi, mamba usoni," "Mishi, usiingie ndani na mamba miguuni." Na mara zote hizo, kama mtoto mwenye adabu, aliitika abee, akajitazama, akajipangusa.

"Lugha ya mtoto ni ya mamake," anasema Mwanatabu. "Mimi ndiye niliyemtia neno hilo sikioni. Sasa niambie, siku mtu akimpigia ukelele kule majini, yeye atafanya nini? Atakimbia, au atajitazama mkono?"



Ndiyo maana nyumbani kwao, vyumba viwili vya kupanga mtaani nyuma ya Shelly Beach, kumekuwa na mazoezi ambayo majirani wameyazoea. Mishi anamimina maji ndooni, mama anapaza sauti ghafla kutoka mlangoni: "Mamba!" Mara ya kwanza Mishi aliangalia mkono wa gauni lake. Mama akaingia ndani, akajifungia. Mara nyingine Mishi alicheka, na hapo mama alimgombeza kwa maneno ambayo hajawahi kumtolea. Siku hizi Mishi akisikia neno anaruka juu ya kitanda.

"Lakini anajua namjaribu," anasema Mwanatabu. "Nyumbani hakuna ziwa. Kitandani kila mtu hodari."

Yote haya yangeweza kubaki mazoezi ya nyumbani, kama si desturi ya Kidumbi ya kutia mguu.

Maji yakishashuka hadi magotini, wanawake wenye nafasi huitana asubuhi moja. Kila mmoja huvua viatu, hushuka hadi kwenye kigingi chake na kusimama hapo, miguu majini, mpaka mstari utimie. Ni hivyo tu. Hakuna maandishi wala ada. Asiyetia mguu siku hiyo, nafasi yake huenda kwa mwingine, na hairudi. Mgonjwa anaruhusiwa kumtuma binti yake wa kumzaa amtilie mguu, lakini toka siku hiyo nafasi ni ya binti, na ni yeye atakayeingia ziwani kila kiangazi.

Mwaka huu habari ilipofika Likoni kwamba maji yameshuka, Mishi alishaamua.

"Mama anachechemea," alimwambia mwandishi, akiwa anapaa changu bila kumtazama samaki. "Matope yale yanataka miguu miwili mizima. Mimi ninayo. Nikitia mguu mimi, yeye apumzike. Nafasi ya bibi haiwezi kupotea hivi hivi, kodi tutaitoa wapi?"

Haogopi?

"Naogopa. Nani hamuogopi mamba? Lakini shida ya mama si mamba. Shida ya mama ni mimi."

Mama aliyasikia hayo toka upande wa pili wa meza. Aliinua samaki mwingine.

Safari iliwachukua siku nzima, wao na mwandishi, kwa basi lililopitia Kisauni na Malindi, kisha pikipiki toka Garsen. Mishi alilala njiani. Mwanatabu hakulala. Kutoka Malindi mkono wake ulikuwa mguuni, ukiusugua kwa juu ya buibui, na midomo ikisoma dua. Alipoulizwa kama amekwisha kuamua nani atatia mguu, alisema, "Inshallah nitajua nikiyaona maji."

Asubuhi iliyofuata tukayaona maji.

Si makubwa. Mtu anayetoka Likoni, aliyezoea kuvuka mkono wa bahari kila siku, angeweza kuyadharau. Yamelala kimya, hayana wimbi, yamefunikwa majani ya yungiyungi yenye upana wa sinia. Kinachotisha ni kule kutoona. Jiwe lililotupwa hapo linatoweka kabla halijafika chini, na chini ni gotini tu. Mwandishi wa simulizi hii, kwa taarifa yako msomaji, alibaki juu ya ukingo na viatu vyake miguuni.

Wanawake walikuwa wamekusanyika, wengine na vitambaa vya kanisa kichwani, wengine na mitandio, wakisalimiana kwa sauti za chini. Philister alimkumbatia Mwanatabu, kisha akamshika mabega akamtazama.

"Umekuja kweli."

"Nimekuja."

"Nani anatia?"

Nyuma ya Mwanatabu, Mishi alikuwa ameshavua viatu na kuviweka sambamba kwenye nyasi, kama mlangoni mwa msikiti. Alikuwa amekunja gauni hadi magotini. Miguu yake misafi, haina hata alama ya mbu.

Wanawake wa kwanza wakashuka. Maji yakawapokea bila sauti. Mmoja baada ya mwingine wakafika kwenye vigingi vyao, mpaka mstari ukawa na pengo moja tu, kati ya Philister na ukingo wa mayungiyungi. Kila mtu alilitazama pengo hilo, na hakuna aliyemhimiza mtu. Mwanatabu alitokwa na jasho ingawa jua lilikuwa halijapanda.

Mishi akapiga hatua.

"Vaa," mama akasema.

"Abee?"

"Vaa viatu vyako."

Na Mwanatabu akavua vyake. Alitanguliza mguu wa kushoto, ule ulioumwa. Baadaye alisema aliuchagua makusudi, kwa kuwa ndio unaoyajua maji yale. Ulipozama hadi kwenye kovu alifumba macho na kusimama, na wote tukadhani atarudi. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Kisha akatia wa pili. Alitembea hadi kwenye kigingi chake akikanyaga kama mtu anayepita juu ya watoto waliolala, akafika, akakishika kwa mikono miwili.

"Mstari umetimia," akasema Philister kwa sauti kubwa.

Hapo ilifaa simulizi hii iishie. Nafasi ilikuwa imepona, Mishi alikuwa na viatu, na samaki walikuwa wengi. Hadi jua linapanda vikapu vilikuwa vimeshatoa perege wa kujaza magunia. Wanawake walianza kuongea kwa sauti za kawaida, na mmoja akaanza kuimba. Hata Mwanatabu alicheka mara moja, kambare alipomponyoka.

Mishi na wasichana wengine walikuwa ukingoni wakipaa samaki. Anapaa haraka kuliko wote, na wenzake walikuwa wakimshangilia. Magamba yalikuwa yamemjaa mikononi hadi kwenye viwiko, yakimeremeta. Ili kupata maji ya kuoshea alikuwa amesogea chini, kisha chini tena, bila mtu kutambua, bila hata mwenyewe kutambua, mpaka viatu akavivua na maji yakawa yanamfika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amewapa mgongo mayungiyungi.

Kutoka mwisho wa mstari mwanamke mmoja akapiga ukelele.

"Mamba!"

Ziwa zima lilitoka majini. Vikapu vilitupwa, wanawake walikimbia kuelekea ukingoni wakipiga maji kwa mikono na kuita majina ya watoto wao. Wasichana waliokuwa wakipaa samaki waliruka juu na visu vyao. Mwanamke mmoja alianguka, akanyanyuliwa kwa nywele. Wote walikimbia kwenda juu, isipokuwa wawili.

Mwanatabu alikuwa anakimbia kando, kwa mguu wake ule, akikata maji kwa urefu wa ukingo, akielekea aliko mwanawe. Mdomo ulikuwa wazi lakini hautoi neno. Ni neno gani angelitoa? Lile lile?

Na Mishi alikuwa amesimama majini, ameinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, anajipangusa magamba.

Haikuchukua muda. Alipangusa mara moja, mara mbili, kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo cha mkono, kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa na mama yake kabla ya kuingia ndani. Kisha akaona nyuso za waliokuwa juu ya ukingo. Mkono ukabaki hewani. Wakati huo Mwanatabu alikuwa ameshamfikia na kumbeba kiunoni, msichana mwenye mwili mkubwa kuliko wake, na wakaanguka pamoja kwenye nyasi.

Hakuna kilichotoka majini. Yule mwanamke aliapa kwamba ameona macho mawili kati ya majani. Mwingine akasema ni gogo, analijua, lipo hapo tangu mvua. Yalitazamwa mayungiyungi kwa muda mrefu. Yalitikisika, kisha yakatulia, na upepo ulikuwepo. Hakuna aliyejua ni nini kilichoonwa. Kidumbi ndivyo kulivyo.

Mishi aliuficha mkono wa kulia ndani ya gauni. "Nilijua," alisema, akirudia rudia. "Mama, wallahi nilijua. Kichwa kilijua. Mkono ndio uliokwenda."

"Najua, mwanangu."

"Sikutaka kuutazama."

"Najua. Hata mimi sikutaka."

Philister alikuja na leso kavu akawafunika wote wawili. Hakuwagombeza safari hii. Alikaa nao, maji yakimchuruzika, akisema maneno ya Kipokomo ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Baada ya hapo wanawake walirudi majini, maana samaki hawakai na kumsubiri mtu atulize moyo. Mwanatabu alirudi nao. Alimkabidhi Mishi kwa mwandishi, juu kabisa penye nyasi kavu, kama mtu anavyomkabidhi mgeni mzigo wake na kumwambia asiuondolee macho. Kila alipokandamiza kikapu aligeuka kuhakikisha bado tupo. Alivua hadi msimu ukaisha.

Sasa yuko Likoni, kwenye ubao wake. Kodi imelipwa. Mishi hashiki tena kisu. Mama yake amempeleka kwenye karai la Kafedha, ajifunze kukaanga, mikono yake ishinde na mafuta na unga badala ya magamba. Kafedha anasema ameshamuunguzia samaki wengi lakini atafaa. Wateja wote wa kale wa mtaa huu wameombwa mmoja mmoja wasilitamke neno lile kwa maana ya magamba mbele ya msichana. Wengine wanaona ni kiroja. Bi Fatma si mmoja wao.

"Mwanangu, nitolee ma..." alianza juzi, akajikamata mdomo kwa mkono, akamtazama Mishi kule karaini. "Nitolee magamba," akamalizia, kwa taabu ya mtu anayemeza dawa.

Mwanatabu alimpaa samaki huyo bure.

Kuhusu kiangazi kijacho ameshaamua. Atarudi Kidumbi, na kama mguu utakuwa umezidi kukakamaa atajifunga kitambaa na kuingia nao hivyo hivyo. Mishi atabaki Likoni, ingawa Mishi anasema hilo bado halijakwisha kuzungumzwa. Lakini itakuwaje mama akizeeka? Nafasi hairithiwi na mtu mwingine. Mwanatabu anamgeuza pono upande wa pili na kufikiri, kisu kikiwa juu.

"Mimi nitatia mguu mwakani, na mwaka wa pili yake, Mungu akijaalia," anasema. "Na huyu nitaendelea kumpigia ukelele. Jikoni, sokoni, popote. Siku atakayokimbia kwanza, ndipo ajitazame mkono, siku hiyo nitakaa ukingoni mimi."